Bikkar Singh na Wenzake Watano Wasiokuwepo

Bikkar Singh alizaliwa amekunja ngumi. Mkunga aliyempokea, mama mmoja aliyeitwa Dhanti, alijaribu kumkunjua vidole ili amfute, akala moja ya jicho, na jicho lile halikuona sawasawa tena mpaka siku alipopandishwa juu ya kuni za kuchomea maiti. Wapo wanaosema Dhanti alikuwa chongo tangu usichana wake. Hao hawakuwepo. Mimi pia sikuwepo, lakini niliolewa nyumba iliyopakana na ya Bikkar, na habari za jirani wa ukuta mmoja hungoji kusimuliwa. Unazisikia zikigonga ukuta.

Hapa Kotla Bhagu watu humhesabia mifupa thelathini na saba aliyoivunja. Si yake, ya wenzake. Mbavu nyingi, taya tatu, mguu wa mpiga mieleka wa Dhilwan uliokatika kama muwa, na pembe moja ya fahali wa nyati wa kufugwa aliyemkanyagia vitunguu. Yule fahali alipigwa kofi moja tu. Akakaa chini, akasahau yeye ni nani, na tangu siku ile akawa anafuata mbuzi malishoni. Kisha wale ndugu watatu wa mfereji wa juu waliomwibia maji: wa kwanza alimtumbukiza kisimani, wa pili akampanda kichwa chini kwenye lundo la samadi, wa tatu akakimbia. Nasikia bado anakimbia.

Lakini mwanamume mwenye mkono wa namna ile alikuwa na sharti lake. Hata awe amekasirika vipi, hata awe ametukaniwa dada, kabla ya ngumi ya kwanza atasema: "Vua kilemba, ndugu. Kiweke pazuri. Na mimi navua changu." Vilemba vitatundikwa penye usalama, ndipo kazi ianze.

Kwetu unaweza kumvunja mtu mguu leo, na mwakani mkakaa kitanda kimoja cha kamba harusini mkachekeana. Ukimwangusha kilemba, hilo ni jambo jingine. Bikkar alikuwa na miaka tisa pale baba yake mkubwa, amelewa pombe ya miwa, alipompiga kibao mgeni mwenziwe harusini, kilemba kikaangukia kwenye bakuli la mchuzi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa paja la kuku. Kwa lile paja walikufa wanaume saba katika miaka minne, wote kwa shoka. Wa tano alikuwa baba yake Bikkar. Walimvizia kwenye shamba la miwa, wakamkata mguu kwanza asikimbie, kisha mikono, kisha wakamwacha amalizie mwenyewe. Bikkar ndiye aliyeifuata damu katikati ya mistari ya miwa mpaka akamfikia. Alirudi nyumbani amekumbatia kilemba cha baba yake kifuani, kimelowa. Mama yake akamwambia mbele ya maiti: "Piga utakachopiga, mwanangu, Mungu amekupa mkono. Lakini siku utakayogusa kilemba cha mtu, wewe si wangu."

Basi akapiga vyote, kilemba hakugusa.

Sasa huyu Harchand Singh, mkimbiaji, ambaye hata watoto wa mjini wanalijua jina lake. Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka akiwa yatima wakati nchi ilipogawanywa, mjomba wake akapewa shamba Bhaini, kijiji cha pili na chetu. Akaingia jeshini, na huko ndiko walikogundua kuwa miguu yake si ya binadamu wa kawaida. Akija likizo alikuwa anakimbia juu ya ukingo wa mfereji wetu kila alfajiri, amejifunga mifuko ya mchanga mgongoni. Mbio zake zilikuwa za namna kwamba kivuli chake kilifika dakika mbili baada yake, nacho kinahema.

Maji ya mfereji kwetu ni ya zamu, na zamu ni ya saa. Ukipewa saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, hayo ni yako, na yakikupita yamekupita mpaka wiki ijayo. Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Bikkar. Ngano yake ilikuwa imeanza kugeuka manjano kwa kiu. Amekaa na koleo lake, ameyaziba maji kwa tope upande wa barabara ili yote yaingie shambani, anayatazama kama mama anavyomtazama mtoto akinyonya. Harchand akaja, mchanga mgongoni, akatia mguu wake mzito juu ya lile tope. Kizuizi kikapasuka. Maji ya Bikkar yote yakaenda zake barabarani.

"We punda!" Bikkar akapiga kelele. "Umekanyaga nini?"

"Tope."

"Hilo tope ni ngano yangu!"

"Basi kaizoe barabarani, mkulima. Mimi nina mbio."

"Mbio unazo. Meno je, unayo yote?"

Harchand akasimama. Akafungua mifuko ya mchanga, ikaanguka chini puu, puu. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, nimejifunika ushungi mpaka kidevuni, nimebeba chapati na mtindi kumpelekea mume wangu shamba la tatu. Nyuma ya ushungi macho hufanya kazi vizuri kuliko wanaume wanavyodhani.

"Vua kilemba," Bikkar akamwambia, "kiweke pazuri."

Wakavua wote wawili, wakavitundika kwenye miiba ya mgunga uliokuwa pale ukingoni. Kimoja cha njano, kimoja cha samawati. Halafu wakapigana.

Nimeona kondoo wakichinjwa, nimeona mwanamke akijifungua mapacha waliogombana tumboni, lakini sijaona kitu kama kile. Harchand alikuwa mwepesi. Alimpiga Bikkar makonde manne kabla Bikkar hajamaliza kupumua. Bikkar akayapokea kama mtu anavyopokea wageni, kisha akampa moja la mbavuni, na nikasikia mbavu zikivunjika kutoka umbali kama wa hapa mpaka pale kwenye nguzo. Mbili, au tatu. Harchand akamrukia, akamng'ata sikio, akatafuna, akatema kipande majini, na samaki wakakigombea. Bikkar akamshika kichwa kwa mikono miwili, akampiga kwa paji la uso, uso kwa uso. Meno mawili ya mbele yakatoka. Pua ikapasuka kama nyanya iliyokanyagwa. Macho yakavimba, yakafunga. Walibingirika mtaroni wakiwa wameshikana shingo, maji yakawa mekundu mpaka shambani, na nawaambia, mwaka ule ngano ya upande ule ilitoka na rangi ya kutu.

Mwisho Harchand akalala chali, hainuki. Bikkar akamkalia kifuani, akahema kama mvukuto wa mhunzi.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi inuka uvae, wenye kupita wasikuone kichwa wazi."

Harchand akapapasa kuelekea mgunga. Macho yake yalikuwa yamefumba kama ya mtoto wa paka. Akashika kitambaa cha kwanza kilichomjia mkononi, akajifunga kichwani, mzunguko baada ya mzunguko, vizuri kabisa. Kilikuwa cha samawati. Chake kilikuwa cha njano.

Bikkar akamtazama, sikio lake likimwaga damu begani. Nusura niangushe mtindi. Maana kwetu ukishafunga kilemba cha mwanamume mwenzio, wewe ni ndugu yake. Hakuna mtu wa dini wala mahakama ya kulifungua hilo.

"Ewe," Bikkar akasema taratibu, "umevaa changu."

Harchand akagusa kichwa chake. Kisha akaanza kucheka, na kila akicheka mbavu zilimchoma akalia, akacheka tena. Bikkar akachukua kile cha njano, akajifunga. "Haya," akasema, "mama yangu alitaka mtoto wa pili. Huyu ndiye aliyetumwa na Mungu, tena hana meno."

Akampa bega. Ndipo Harchand akasema lile neno lililotuletea yote.

"Ndugu yangu, baada ya siku kumi na mbili nina mbio za majeshi. Nikienda na uso huu wataniuliza. Nikisema nimepigwa na mkulima mmoja, hata nikishinda nitakuwa kichekesho cha kambi."

"Sema tulikuwa wawili."

"Wawili hawatoshi. Niangalie."

Bikkar akamwangalia. "Sema sita," akasema. Akampa watu watano bure, kama mtu anavyompa jirani kuni. Kisha akanigeukia. "Shemeji Nasibo, umeona nini?"

"Mimi? Nimeona vumbi," nikajibu ndani ya ushungi. "Na maji yanaenda barabarani."

Harchand akakimbia mbio zile, kifua kimefungwa shuka, anatema damu kila akipinda kona, akashinda. Magazeti yakaandika kuhusu watu sita. Baadaye akakimbia nchi za mbali, akavikwa medali mpaka shingo ikainama, na kila alipohojiwa wale sita walikuwemo. Kila mwaka alikuja kwa Bikkar na kikapu cha peremende, wakala mboga za haradali na siagi, wakaitana ndugu, wakaoneshana makovu. Alipokufa, Bikkar alibeba jeneza lake kwenye bega la kulia na hakukubali kupokewa mpaka kwenye kuni. Mtoto wa mtoto wake Harchand, Gurtej, mwanamume wa miaka thelathini mwenye shamba Bhaini, alimwita Bikkar babu, na alikula nyumbani kwake bila kubisha hodi.

Hapo ndipo watu wa picha walipokuja.

Walikuja na magari kumi na moja kutengeneza sinema ya maisha ya Harchand. Mwongozaji wao alikuwa kijana wa Mumbai aliyeitwa Mehtani, mwembamba, kofia kichwani, anaongea na simu mbili kwa mara moja. Kijiji kizima kikawa wazimu. Mchunga nyati alikata ndevu aonekane askari, mama mkwe wangu marehemu angefufuka kama wangemwahidi kuonekana mgongo. Na vijana wetu watano wakachaguliwa kuwa wapigaji. Wakaja mbio kwa Bikkar, ambaye wakati huo ana miaka sabini na sita na anakamua nyati.

"Babu! Babu! Sisi ndio wale wenzako watano!"

"Wenzangu gani?"

"Wa kumpiga Harchand! Na wewe mwenyewe utaigizwa na Jatin, lile jitu la Mumbai, mkono wake kama paja la nyati! Jina lako limeandikwa kabisa, Bikkar Singh! Kesho Jatin atampiga kilemba Harchand, kianguke mtaroni, kisha akikanyage. Wamekwisha mwaga maji tope liwe zito!"

Bikkar akaacha kukamua. Nyati akageuza shingo kumtazama, akaona uso wake, akapiga ndoo teke akaondoka mwenyewe.

Nilimfuata. Tulimkuta Mehtani chini ya turubai.

"Sikukigusa kilemba chake," Bikkar akasema. Hakusalimia.

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ndiye Bikkar, hilo jitu lako."

Mehtani akasimama, akafurahi, akataka kumkumbatia. Alipoelewa, uso ukambadilika. "Mzee, nakuheshimu. Lakini haya si maneno yangu. Harchand mwenyewe alinisimulia kabla hajafa. Ninayo sauti." Akabonyeza simu yake.

Ikatoka sauti ya Harchand. Ile ile, yenye kikohozi. *Wakawa sita. Wakanishika. Yule Bikkar akanipiga kilemba, kikaanguka mtaroni, akakikanyaga mbele yangu.*

Bikkar akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rudia." Mehtani akarudia. Nimewahi kumwona Bikkar akipigwa jembe la kichwa akaulizia chai. Siku ile aliegemea nguzo ya turubai mpaka turubai likainama.

Uongo ni kama unga wa chapati, ukishaanza kuukanda unataka maji kidogo, na maji yakizidi unataka unga. Sidhani Harchand alikuwa na ubaya. Alisimulia miaka hamsini, akaona wasikilizaji wanapiga miayo, akaongeza.

"Mimi nilikuwepo!" nikasema. "Walikuwa wawili tu! Vilemba walivitundika kwenye mgunga!"

Mehtani akawageukia vijana waliosimama pale. Wakaangua kicheko.

"Bwana, usimsikilize Bibi Nasibo! Huyu ndiye aliyesema fahali alifuata mbuzi!"

"Alifuata!"

"Na kwamba Babu Bikkar alimuua mbwa mwitu kwa kisahani!"

"Kilikuwa na chai ya moto!"

Basi. Maisha yangu yote nimesema mambo elfu na watu wakanipigia makofi, na siku niliyosema la kweli wakanicheka. Mehtani akatuonyesha njia kwa adabu.

Jioni kabla jua halijazama akaja Gurtej. Hakuingia kama alivyozoea, alisimama langoni. Mkononi alikuwa na shoka la kuchanjia kuni, lakini hakuja kuchanja kuni.

"Babu Bikkar, nimesikia yatakayopigwa picha kesho. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Naamini. Lakini picha ikitoka hivyo, nchi nzima itaona kilemba cha babu yangu chini ya kiatu chako. Watu wa Bhaini wataniuliza nimefanya nini. Sitakuwa na hiari, babu. Unajua sitakuwa nayo."

"Najua. Na ukinikata, wajukuu zangu nao hawatakuwa nayo."

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Sijala."

"Ingia ule."

Akaweka shoka nje ya lango, akaingia, akala chapati sita. Sikulala usiku ule kwa kuifikiria ile idadi ya watoto wa kiume kwenye nyumba mbili zile. Tisa.

Asubuhi, ukingoni mwa mfereji, kamera imesimama, moshi wa kutengenezwa umetanda, tope liko tayari. Yule mwigizaji aliyekuwa Harchand amefungwa kilemba cha njano. Jatin amevimba misuli amepakwa mafuta. Wale vijana wetu watano wamesimama nyuma yake wanakunja nyuso. Bikkar akaja na fimbo yake ya mwanzi, ile yenye pete za chuma. Hakuongea na mtu. Akaenda kwenye mgunga, akavua kilemba chake, akakitundika. Fundo la nywele zake lilikuwa jeupe, dogo kama limau.

Vijana watano walipokiona kilemba cha mzee kwenye mwiba, rangi iliwatoka. Watatu wakavua vyao palepale bila kuambiwa.

"Nini hiki?" Mehtani akapiga kelele. "Mtoeni huyo! Kamera iende! Jatin, piga!"

Jatin, maskini, mtu wa mjini, akainua mkono kuelekea kilemba. Fimbo ikashuka. Kifundo cha mkono kililia kama kuni kavu, na mkono ukaning'inia kama soksi. Jatin akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Mumbai kabla ya kusikika kwake mwenyewe.

Walinzi wa picha wakamvamia Bikkar. Walikuwa wanane. Wa kwanza alipigwa goti, akakaa. Wa pili fimbo ilimpata mdomoni, akatema meno kama mbegu za tikiti. Lakini sabini na sita ni sabini na sita. Mmoja akamkaba kwa nyuma, mwingine akampiga nondo begani, mtulinga ukavunjika, nikauona mfupa ukisukuma ngozi kama kidole chini ya shuka. Fimbo ikaanguka. Wakamlaza, wakampiga mateke ya tumbo na uso. Na kila alipopigwa alikuwa anatambaa, damu puani, mpaka akajilaza mbele ya miguu ya yule Harchand wa uongo, kati yake na tope.

"Wanamuua babu!" kijana mmoja akalia. Ndipo wenzake watano, wale wasiokuwepo, wakawepo. Waliwarukia walinzi kwa ngumi na kwa meno. Gurtej akatokea kwenye miwa, akamshika mwenye nondo, akamkunja mkono mpaka ukakataa, akaendelea kuukunja. Wanawake wakashuka kutoka kwenye mapaa na vijiti vya kusukumia chapati. Nguzo ya taa ikaanguka juu ya mguu wa mtu, sikujua wa nani, ulikuwa umegeukia nyuma. Mimi nilikuwa na sufuria la dengu linalochemka, na Mehtani alikuwa karibu. Watu wanasema nilimmwagia. Si kweli. Nilimpiga nalo, dengu zikafuata.

Ilipokwisha, hakuna aliyesimama wima isipokuwa mpiga kamera, ambaye muda wote alikuwa anaendelea na kazi yake.

Tulikutana adhuhuri uani kwa gurdwara, nyumba yetu ya ibada, maana pale hata maadui hulishwa. Shuka tatu zilichanwa kuwafunga watu. Mehtani alikuwa na kichwa kama kitunguu kilichofungwa kwa safari. Bikkar ameegemezwa ukutani, mkono umefungwa kifuani, midomo imepasuka.

"Mzee, umemvunja mkono mwigizaji wangu."

"Nilikuwa nalenga kiwiko. Macho yamezeeka."

Mehtani akachuchumaa mbele yake. "Nimeona watu wanane wakihangaika kukulaza. Sasa naamini. Ulikuwa peke yako siku ile, Bibi alisema kweli." Nikatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. "Nitaipiga picha hivyo. Mtu mmoja kwa mmoja, vilemba kwenye mti. Lakini familia na magazeti watanirukia, kwa hiyo utakaa mbele ya kamera useme: Harchand alidanganya, hawakuwa sita."

Moyo wangu ukaruka. Miaka hamsini na minne! Hatimaye!

Bikkar akalamba damu. "Walikuwa sita," akasema.

"Bikkar!" nikapiga kelele. "Una wazimu? Mmoja!"

"Nyamaza, shemeji."

"Nchi nzima itakuita mwoga," Mehtani akamwambia. "Watoto watakutemea mate."

"Wateme. Sita nilimpa mimi, kwa mkono wangu, na mtu hanyang'anywi alichopewa kwa kuwa amekuwa majivu. Lakini kilemba hakuniomba, nami sikumpa. Hicho utakitoa."

"Bila kilemba kuanguka, picha haina uchungu."

"Uchungu unautaka? Sogeza mkono wako."

Mehtani akausogeza nyuma. Akamtazama Bikkar, akamtazama Gurtej aliyesimama mlangoni. "Nitaona," akasema. Wakafungasha, wakaenda kumalizia kwingine. Neno pekee walilotuachia lilikuwa hilo, nitaona.

Miezi minane tulikaa na nitaona. Gurtej aliendelea kuja kula. Walizungumza mbolea na bei ya dizeli, na kila alipotoka, Bikkar alikagua kama komeo la lango liko sawa, si kwa ajili yake, kwa ajili ya wajukuu.

Picha ilipofika mjini tulipanda trela la trekta, kijiji kizima, mchana kweupe. Bikkar alikaa katikati ya safu, bega lake limepona vibaya, limeinama. Mimi kushoto kwake. Gurtej alikuja peke yake akakaa safu ya nyuma yetu, amejitanda shali nzito, na ilikuwa mwezi wa joto. Bikkar akageuka akaiona shali. Akamwambia, "Umefanya vizuri kukaa karibu." Akageukia mbele. Shingo yake ilikuwa wazi, juu tu ya kiti.

Sitawasimulia picha yote. Utoto ulipita, jeshi likapita, nyimbo zikapita. Kisha ukaja mfereji na moshi. Harchand anakimbia. Sita wanatokea, na kumbe yule Jatin walimrudisha, mkono umefichwa ndani ya shali. Akasogea mpaka uso wake ukajaa ukuta mzima. Nyuma yangu nikasikia nguo ikisogea. Bikkar akaweka mikono yote miwili magotini, akafumbua macho sana.

Jatin akasema, "Vua kilemba. Kiweke pazuri."

Harchand akavua. Wale sita wakavua. Wakavitundika kimoja kimoja kwenye mti wa miiba, vilemba saba, bila haraka, ukumbi mzima wa watu wa mjini wakiguna hawaelewi. Halafu wakamvamia, wakampiga kama ngoma. Mbavu, meno, damu puani. Kilemba cha njano kinapepea mtini, kisafi.

Kitu kizito cha chuma kikaanguka sakafuni nyuma yetu, kang'! Gurtej akaweka paji la uso wake juu ya mgongo wa kiti cha Bikkar, akabaki hivyo, mabega yanatikisika.

Ukumbi ulikuwa umewaka. "Waoga!" watu wanapiga kelele. "Sita kwa mmoja! Mama zenu!" Kijana mmoja wa mjini, amekaa kulia kwa Bikkar, nywele zimepakwa mafuta, akasimama akatupa ganda la karanga kwenye picha. Akamgeukia Bikkar bila kumjua. "Babu, umemwona yule Bikkar? Mbwa yule!"

"Mbwa hasa," Bikkar akasema. "Lakini kilemba hakugusa."

"Mbwa mtoto wa mbwa!"

"Kaa chini, mwanangu, tuone mbio."

Akakaa ametulia kabisa, anatabasamu na meno aliyobakiwa nayo, anatukanwa na watu mia nne. Yeye alikuwa ameweka ahadi. Mimi sikuwa nimemwahidi mtu. Nikavua kiatu, kile chenye msumari kisiginoni, nikainuka juu ya magoti ya Bikkar, nikamtandika yule kijana kisogoni mpaka akaziona medali zote za Harchand kabla picha haijazifikia.